Uso Umepinda? Hesabu Siku, Usihesabu Wachawi



Leo naomba unipe nafasi nitoe maoni yangu juu ya ugonjwa ambao hatuuzungumzi sana katika mikutano yetu ya afya. Tunazungumza malaria, tunazungumza kipindupindu, tunazungumza chanjo na lishe ya watoto, na ni vizuri tuendelee. Lakini kuna jambo linalompata mtu aliyelala mzima, akiamka anakuta upande mmoja wa uso umelegea. Mdomo umeenda upande, jicho moja halifungi, maji ya kusukutua yanamwagika kwenye pembe ya mdomo. Hakuanguka, hakupigana na mtu.

Nakuuliza: likikupata wewe kesho asubuhi, utakwenda wapi kwanza? Jibu moyoni kabla ya kuendelea kusoma.

Mimi ninayajua majibu ya wengi wetu, kwa sababu nimeyasikia nikipita nyumba kwa nyumba hapa Nakivale. Wa kwanza atasema, "Amelogwa." Wa pili atasema, "Amepewa sumu, tazama anakula kwa nani." Wa tatu atasema ni kofi la jini. Wa nne, ambaye anajiona amesoma kuliko wengine, atasema ni baridi ya usiku tu, itapita. Maoni yangu ni kwamba wote wanne wanamwibia mgonjwa kitu kimoja, nacho ni muda. Ugonjwa huu una siku zake za kutibiwa, na siku hizo ni chache.

Kosa langu mwenyewe

Sitaki uone kwamba nawahukumu wengine. Huyo wa nne, msomi, nilikuwa mimi.

Miaka miwili iliyopita nilikuwa bado mpya katika kazi hii ya kujitolea. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nimepata mafunzo ya kupima mkono wa mtoto kwa ule utepe wa rangi, kutambua dalili za malaria na kutengeneza maji ya chumvi na sukari. Asubuhi moja nikiwa kwenye bomba la maji, mama mmoja jirani yetu alinivuta pembeni. Alikuwa amefunika mdomo kwa kitenge. Alipokiondoa nikaona upande wa kulia wa uso wake umelegea. Akaniambia, "Mwanangu, wewe ni mtu wa afya, nitazame. Hii ni nini?"

Sikujua. Na kwa sababu sikutaka aone kwamba sijui, nilisema, "Pole mama, ni baridi. Jifunike usiku, itapita."

Yule mama alirudi nyumbani. Ndugu zake wakampeleka kwenye maombi, akafunga siku 3. Hakuona mabadiliko. Wakamwita mzee mmoja anayetibu kwa dawa za miti, akamchanja chale shavuni na kupaka dawa ya unga. Muda wote huo jicho la kulia lilikuwa halifungi, usiku na mchana. Yeye ndiye anayepika, na jiko letu unalijua: kuni, moshi, vumbi la barabara. Siku ya 12 jicho likawa jekundu kama nyanya na maumivu hayakumruhusu kulala. Hapo ndipo alipofika kituo cha afya, wakampa rufaa kwenda hospitali. Kioo cha jicho kilikuwa kimeshapata kidonda.

Leo uso wa yule mama umerudi karibu wote. Ukimwona sokoni anauza dagaa hutajua kwamba aliwahi kuugua. Lakini jicho la kulia linaona kivuli tu. Halikuharibiwa na ugonjwa wa uso peke yake. Lilikauka kwa siku 12 huku kila mmoja wetu akitoa jibu lake, na jibu la kwanza lilikuwa la kwangu.

Kwa hiyo nilikwenda kuuliza na kujifunza. Haya ninayokuandikia ndiyo niliyopaswa kuyajua asubuhi ile.

Nini hutokea?

Uso wetu unaendeshwa na mishipa miwili ya fahamu, mmoja upande wa kulia na mwingine wa kushoto. Mshipa huu si wa damu. Ni kama waya unaobeba amri kutoka kwenye ubongo: cheka, fumba jicho, kunja paji la uso, puliza moto. Kabla ya kufika usoni, kila mshipa hupita kwenye tundu jembamba ndani ya mfupa, karibu na sikio. Mshipa ukivimba humo ndani hauna mahali pa kupanukia. Unabanwa, na amri hazipiti. Ni kama mpira wa maji uliokanyagwa: bomba lina maji, lakini kwenye ndoo hayafiki.

Ugonjwa huu hujulikana kwa jina la daktari mpasuaji wa Scotland, Charles Bell, aliyeeleza kazi ya mshipa huo mwaka 1821. Wataalamu wanafikiri kwamba mara nyingi uvimbe huo unahusiana na virusi, hasa vile vya malengelenge ya mdomoni, ambavyo hukaa mwilini vimelala kisha vikaamka. Mkononi mwa mchawi hautoki, wala hauambukizi kwa kula sahani moja au kulala nyumba moja na mgonjwa.

Pamoja na uso kulegea, mgonjwa anaweza kusikia maumivu nyuma ya sikio, ladha ya chakula kupungua upande mmoja wa ulimi, na sauti kuwa kali masikioni. Anaposema ladha imepotea, jirani husema, "Unaona? Ni sumu." Sivyo. Mshipa uleule wa uso ndio unaobeba pia ladha ya sehemu ya mbele ya ulimi.

Ugonjwa si wa ajabu. Kila mwaka huwapata watu kama 20 hadi 30 katika kila watu 100,000. Nakivale ina wakazi zaidi ya laki moja, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengine. Fanya hesabu mwenyewe. Kila mwaka kuna watu kati yetu wanaoamka wakiwa hivyo, na wengi wao hujificha ndani ya nyumba.

Kwanza tuulize: je, ni kiharusi?

Jambo linalofanya nisikubali neno "subiri" ni hili: uso kulegea unaweza pia kuwa kiharusi, yaani damu kushindwa kufika sehemu ya ubongo au mshipa wa damu kupasuka ndani ya kichwa. Kiharusi kinaua, na kinahitaji hospitali saa ileile.

Mwambie mgonjwa afanye mambo matatu mbele yako:

1. Acheke au aonyeshe meno. Tazama kama mdomo unavutwa upande mmoja.

2. Anyooshe mikono yote miwili mbele, afumbe macho. Tazama kama mkono mmoja unashuka.

3. Aseme sentensi rahisi, kama jina lake na jina la kijiji chake. Sikiliza kama maneno yanachanganyika au hayaeleweki.

Mkono ukishuka, mguu ukikosa nguvu, maneno yakivurugika, akiona vibaya ghafla au kichwa kikiuma vibaya mno, usitafute kanga ya kubadilisha wala usichemshe chai. Tafuta ambulansi, boda, au mtu yeyote wa kumfikisha, na kumbuka saa dalili zilipoanza, kwa sababu daktari atakuuliza.

Wahudumu wa kituo watatazama pia paji la uso. Katika ugonjwa huu wa mshipa wa uso, mgonjwa hawezi kupandisha nyusi wala kukunja paji upande ulioathirika. Katika kiharusi, mara nyingi paji linakunjika kama kawaida na sehemu ya chini tu ndiyo imelegea. Lakini, ndugu msomaji, hiyo ni kazi ya mtaalamu. Wewe na mimi tusitumie paji la uso kuamua nani abaki nyumbani. Uso ukipinda, mtu anakwenda kituoni siku hiyohiyo. Hakuna anayebaki.

Siku tatu

Sasa nisikilize vizuri hapa. Ikiwa si kiharusi na mtaalamu amethibitisha ni ugonjwa wa mshipa wa uso, dawa iliyo na ushahidi ni prednisoloni, vidonge vya kupunguza uvimbe. Hufanya kazi vizuri vikianza mapema, ndani ya saa 72, yaani siku 3, tangu uso ulipoanza kulegea.

Hayo si maneno ya kutisha watu. Mwaka 2007 madaktari wa Scotland walichapisha matokeo ya utafiti uliohusisha wagonjwa 551. Waliopewa prednisoloni ndani ya siku 3, baada ya miezi 9 karibu 94 katika kila 100 walikuwa wamepona kabisa. Ambao hawakupewa, waliopona kabisa walikuwa karibu 82 katika kila 100. Tofauti ni watu 12 katika kila 100. Ni watu 12 wanaoweza kupuliza moto, kunyonyesha mtoto wakimchekea na kusimama mbele ya darasa bila kufunika mdomo.

Usiende kununua vidonge hivyo mwenyewe kwenye duka la dawa. Vinaweza kupandisha sukari kwa mwenye kisukari, kupandisha presha, kumsumbua mwenye vidonda vya tumbo, na kuuficha au kuukuza ugonjwa mwingine kama kifua kikuu. Mama mjamzito, hasa mwenye mimba kubwa, yuko katika hatari zaidi ya kupata ugonjwa huu, na anahitaji kupimwa presha na kuangaliwa kwa makini. Mtoto naye daktari ndiye ataamua. Ndiyo maana nasema kituo, sisemi duka.

Kuna sababu nyingine pia za kwenda kuonekana. Usaha wa sikio ulioachwa muda mrefu unaweza kula mfupa na kuufikia mshipa wa uso. Malengelenge yenye maumivu ndani ya sikio au kuzunguka sikio yanaweza kuwa mkanda wa jeshi, ambao unahitaji dawa yake. Mabaka kwenye ngozi yasiyosikia maumivu, pamoja na jicho lisilofunga, yanaweza kuwa ukoma. Virusi vya UKIMWI navyo vinaweza kuleta uso kulegea, kwa hiyo mhudumu akikushauri upime, usikasirike, hakutukani. Na uso unaolegea polepole kwa wiki nyingi, au pande zote mbili kwa pamoja, si wa kawaida na lazima uchunguzwe. Magonjwa hayo yote yana tiba au msaada, na hakuna hata moja linaloondoka kwa kuchanjwa chale.

Jicho kwanza, uso baadaye

Kama utasahau yote niliyoandika, kumbuka sehemu hii. Mshipa wa uso unaweza kurudi baada ya wiki au miezi. Jicho lililoharibika mara nyingi halirudi.

Jicho lisilofunga hukauka. Likikauka, kioo chake huchubuka, vijidudu huingia, kidonda hutokea. Kwa hiyo fanya hivi:

- Mchana tumia matone ya kulainisha jicho utakayopewa kituoni. Usitumie matone ya jirani yaliyobaki, maana mengine yana dawa inayoweza kuongeza kidonda.

- Mara kwa mara osha mikono, kisha shusha kope ya juu kwa kidole, jicho lifunge kabisa, uachie. Unalisaidia kupepesa.

- Usiku paka mafuta ya jicho uliyopewa, funga jicho, kisha libandike kwa plasta ili libaki limefungwa. Usiweke kitambaa au pamba juu ya jicho lililo wazi, kwa sababu litasuguliwa usiku kucha.

- Kaa mbali na moshi na vumbi. Vaa miwani au kofia pana ukitoka. Wa nyumbani, mpikieni kwa wiki hizo chache. Kijana wa kiume, nawe unaweza kuwasha moto.

- Usitie maziwa ya mama, mkojo, asali wala maji ya majani ndani ya jicho.

- Jicho likiwa jekundu, likiuma, au likiona ukungu, rudi kituoni siku ileile, hata kama ulikuwa huko jana.

Kuhusu kula, tafuna upande mzima, kunywa polepole, kisha safisha shavu lililolegea kwa kidole na maji ili chakula kisibaki na kuoza. Si aibu. Ni usafi.

Majibu kwa wanaonipinga

Najua kuna wanaosema, "Binti, wengi wanapona wenyewe bila dawa." Ni kweli. Hata bila dawa, watu 7 hadi 8 katika kila 10 hupona. Ndiyo sababu kila mganga wa kienyeji ana mtu wa kumwonyesha na kusema, "Huyu mimi ndiye niliyemponya." Mimi nauliza: hao 2 au 3 wanaobaki ni watoto wa nani? Na nani atakuambia asubuhi ya kwanza kwamba wewe uko katika wale 7? Tena anayepona uso bila kulinda jicho anaweza kupona kama alivyopona yule mama.

Wengine wanasema ninapinga maombi. Sipingi. Mimi mwenyewe ninasali. Lakini njia ya kwenda kituoni ni ndefu ya kutosha kuomba unapotembea. Mchungaji au imamu anayempenda muumini wake atamwombea na kumsindikiza siku hiyohiyo. Wazee walisema haraka haraka haina baraka, na mara nyingi ni kweli. Kwa uso uliolegea, tufuate yule mzee mwingine aliyesema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wengine wananiambia foleni ya kituo ni ndefu, mtu atakaa mpaka jioni kwa kitu kisichouma. Hapo naomba tusaidiane. Ukifika, usikae kimya mwisho wa benchi. Mwambie mhudumu wa mlangoni: "Uso wangu umelegea tangu saa fulani." Sema saa au siku. Maneno hayo yanasaidia wakupime haraka. Na sisi tulio mbele kwenye foleni tumpishe, kama tunavyompisha mama mwenye uchungu.

Kurudi kwa uso

Baada ya wiki chache wengi huanza kuona pembe ya mdomo ikicheza kidogo. Hapo mtu hufurahi na kuanza kuulazimisha uso, kutafuna pipi ya mpira siku nzima, kukunja uso kwa nguvu zote. Usifanye hivyo. Uso ukilazimishwa unaweza kujifunza vibaya, ukawa mgumu, au jicho likawa linajifunga kila unapocheka.

Chukua kioo, hata kipande kidogo. Kaa umetulia. Pandisha nyusi polepole. Kunja pua kidogo. Tabasamu kidogo sana ukiwa umefunga midomo, upande mzima usiuvute ule dhaifu. Fumba macho taratibu. Fanya dakika chache, mara mbili au tatu kwa siku, na upumzike. Kandika shavu kwa mkono safi, laini. Ikiwa miezi 3 imepita na hakuna hata dalili ya kurudi, rudi kituoni wakuandikie rufaa.

Uso usiocheka

Kuna jambo la mwisho, na hili linatuhusu hata sisi tusiougua.

Si kila uso mgumu umepooza. Kuna nyuso kavu nyingi kati yetu. Kuna mtu aliyepoteza watu wake njiani, akafika hapa, na tangu siku hiyo uso wake haujabadilika, mchana na usiku ni uleule. Hiyo inaweza kuwa huzuni iliyogeuka ugonjwa, na ina msaada kwa washauri wa kituo. Kuna anayetumia dawa za magonjwa ya akili, na dawa nyingine za aina hiyo hukaza uso na mwili. Huyo asiache dawa kwa siri, aende amwambie mhudumu, kipimo kinaweza kurekebishwa. Kuna mzee anayetetemeka mkono, anatembea kwa hatua fupi, uso umekuwa kama wa sanamu. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa ubongo uitwao Parkinson. Na kuna wa dharura: mtu mwenye kidonda ambaye taya zimekaza hawezi kufungua mdomo, au kichanga aliyekuwa ananyonya kisha akashindwa na mwili ukakaza. Hiyo inaweza kuwa pepopunda. Mkimbize.

Lakini sisi tunawaitaje watu hawa? "Anajivuna." "Ana roho mbaya." "Hata salamu haitiki." Kwenye foleni ya maji tunasema yule ana chuki. Mtoto anaporudi shuleni na uso uliopinda, wenzake wanamwigiza. Na mkimbizi maisha yake yote yanapita mbele ya macho ya watu: anapigwa picha ya kadi, anakaa mbele ya mtu anayemhoji, anaomba kazi ya siku. Asiyeweza kutabasamu huonekana kama mtu anayeficha kitu.

Nakupa mfano wa Canada, nchi ambayo baadhi ya majirani zetu wamepelekwa kuanza maisha. Jean Chrétien aliugua ugonjwa huu utotoni na upande mmoja wa uso wake ukabaki umepooza. Mwaka 1993, wakati wa uchaguzi, chama kilichoshindana naye kilionyesha kwenye televisheni tangazo lenye picha zilizouonyesha uso wake vibaya. Watu walikasirika, hata wa chama hichohicho, na tangazo likaondolewa. Chrétien akashinda, akawa waziri mkuu mpaka mwaka 2003. Sisemi alishinda kwa sababu ya tangazo. Nasema kwamba uso wake haukurudi, na aliongoza nchi kwa miaka 10. Basi nasi tusimfungie mtu ndani kwa sababu ya mdomo uliokwenda upande.

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Uso ulio nao leo hukuusaini mkataba.

Ninaomba nini?

Kwa viongozi wa vijiji: tangazeni kwenye mikutano kwamba uso kulegea ni safari ya kituoni siku hiyohiyo. Kwa wachungaji na maimamu: mwombeeni mgonjwa akiwa njiani. Kwa walimu: mtoto akiigizwa darasani, simamisheni somo mlizungumze. Kwa wahudumu wenzangu wa kujitolea: usipojua, sema hujui, kisha msindikize mgonjwa kwa anayejua. Mimi nilishindwa kusema neno hilo dogo, na jirani yangu amelilipa kwa jicho.

Yule mama nilimwomba ruhusa ya kuandika habari zake bila jina. Akasema niandike. Mwezi uliopita alikuja nyumbani kwetu akiwa ameshika mkono wa kijana aliyelegea uso asubuhi ile. Hakuniuliza ni nini. Aliniambia, "Vaa viatu, mwanangu, twende." Tulifika kituoni saa 4, kijana akapimwa, akapewa vidonge na mafuta ya jicho siku ya kwanza. Jicho lake ni zima.

Ukimaliza, mpe jirani naye asome, na asiyejua kusoma umsomee.